UZI: Fundi anataka kutoa tanderi ya otomatiki (ile inayokaza shene, yaani mnyororo, ya ndani ya moteri) aweke ya visi (skrubu). Nikubali?

Motari_Ndosho

Bandugu wa Goma na wa mbali, habari zenu. Moto yangu ni pikipiki ya Kihindi, cc 125, natumikisha taxi kati ya Ndosho, Birere na Kituku. Asubuhi nikiiwasha iko na kelele upande wa kushoto, cha-cha-cha-cha, sawa mutu anatikisa funguo ndani ya kopo. Nikiongeza gazi inapungua. Nikishuka kutoka Munigi nimeachia gazi, inarudi, tena mbaya kuliko asubuhi.

Nimeipeleka kwa fundi mumoja Birere. Hakufungua kitu, aliinama akasikiliza tu, akasema: shene ya ndani, tanderi imechoka. Anataka kutoboa kifuniko cha nyuma ya tanderi, aingize visi ndefu na ekru (nati), ili kelele ikirudi nikaze mwenyewe. Anasema ba-motari wengi wamefanya vile na hawajarudi kulia. Rafiki yangu naye anasema nikikubali, moteri itakufa. Nani anasema kweli? Na kama ni kukaza, ninakaza mpaka wapi? Moto si yangu, kila jioni mwenyewe anangoja hesabu yake, siwezi kuilaza garaji wiki nzima.

Kazi_ni_Kazi

Kaza tu kaka. Yangu nilikaza, sasa haisikiki kabisa.

Fundi_Katindo

Kazi ni Kazi, shene iliyokazwa kupita kiasi nayo haisikiki. Inanyamaza huku inakula mpira wa patini (kipande kirefu ambacho shene inateleza juu yake), na mwenye moto anajua siku mafuta yakishindwa kupanda.

Ndugu wa Ndosho, kabla ya kumpa mutu ruhusa ya kutoboa, tujue kwanza kama ni shene. Kelele za upande ule ziko nyingi. Supapu (valvu) zenye nafasi kubwa zinagonga tik-tik-tik, nyembamba, zinafuata moteri bila kubadilika sana ukiachia gazi. Pistoni iliyochoka inagonga zaidi ikiwa baridi na inapungua ikipata joto. Bati la kufunika egzosi (bomba la moshi) likilegea linaweza kumdanganya hata fundi mzee. Shene yenyewe inajitambulisha kwa lile ulilosema: inasikika kwenye ralanti (moteri ikizunguka polepole bila kuvuta gazi), inapungua ukivuta gazi, inarudi ukiachia, kwa sababu mvuto unapobadilika ule upande wake mlegevu ndio unaopigapiga.

Chukua turnevisi (bisibisi) ndefu, weka ncha kwenye silinda karibu na tanderi, mpini kwenye sikio, moteri iwe ralanti. Halafu hamisha ncha mpaka kwenye kifuniko cha supapu, halafu kwenye karteri (sanduku la chini la moteri) upande wa ambreyaji (klachi). Mahali pa kelele utapasikia mwenyewe. Ni kazi ya dakika mbili na haina bei. Supapu pia zipimwe moteri ikiwa baridi. Kwa moto nyingi ndogo zinazopozwa na hewa nafasi inakuwa kati ya milimita 0.05 na 0.10, lakini fuata kitabu cha moto yako, usifuate kichwa changu.

Motari_Ndosho

Asante papa fundi. Nimefanya ya turnevisi leo asubuhi. Inapiga nyuma ya silinda, palepale pa tanderi. Juu ku supapu iko kidogo tu.

Mekanika_Himbi

Basi ni shene. Mimi niko upande wa visi, na niseme wazi. Nina moto kubwa ya silinda nne, tanderi yake ya otomatiki niliitoa nikafunga ya mkono iliyotengenezwa kiwandani. APE ya Marekani wanazitengeneza kwa ajili ya moto nyingi za Kijapani, na watu wa mashindano wanazipenda kwa sababu ya wazi: haina resori (springi) wala meno ya kukwama. Pini, ile inayosukuma patini, iko pale ulipoiacha. Ile ya otomatiki yenye meno ina ubaya wake ambao watu hawausemi: shene ikipigwa kwa nguvu, tuseme umeachia gazi ghafla kwenye mzunguko wa juu, pini inaweza kuruka jino moja zaidi ya inavyotakiwa, na hairudi nyuma tena. Shene inabaki imekaza siku zote na hakuna mutu wa kujua.

Kwa hiyo tusiseme visi ni uchawi wa Birere.

Fundi_Katindo

Hakuna aliyesema ni uchawi. Ulichofunga wewe ni kifaa kizima: mwili wake, nyuzi ndefu za bulo (bolti) ndani ya chuma kinene, ekru ya kufungia, oringi ya kuzuia mafuta. Anachotaka kufanya yule wa Birere ni kutoboa kifuniko chembamba cha aluminiamu na kupitisha bulo. Nyuzi tatu au nne zinazoshika kwenye aluminiamu, na moteri inatetemeka juu ya mawe ya lava kuanzia alfajiri. Zile nyuzi zikiliwa, bulo inarudi nyuma, shene inalegea kuliko ilivyokuwa mwanzo. Hapo hata ile resori iliyochoka ungeililia.

Nieleze kwa ajili ya wasomaji wengine, maana naona uzi huu una watu. Ndani ya moteri za aina hii kuna shene ndogo. Inatoka kwenye gia ya vilbrekeni (krenki inayozungushwa na pistoni) chini, inapanda kando ya silinda mpaka kwenye gia ya kamu (ekseli inayofungua supapu) juu, ndani ya kulasi (kichwa cha silinda). Vilbrekeni ikizunguka mara mbili, kamu inazunguka mara moja, kwa hiyo gia ya juu ina meno mara mbili ya ile ya chini. Moteri ikitembea, shene inavutwa upande wa mbele, nao unateleza juu ya patini isiyosogea. Upande wa nyuma ndio unaobaki mlegevu. Hapo kuna patini ya pili, ndefu, imeshikwa chini kwa bulo moja na juu iko huru kusogea. Tanderi inaingia kutoka nyuma ya silinda na kuisukuma ile patini katikati ya mgongo. Kazi yake yote ni hiyo.

Shene ikilegea sana, kwanza supapu zinafunguka kwa kuchelewa na moto inapoteza nguvu kidogo kidogo, mutu anadhani ni karbirateri. Halafu siku moja inaruka jino. Chukua gia ya kamu yenye meno 34: jino moja ni digrii 10 na nusu hivi za kamu, yaani kama digrii 21 za vilbrekeni. Moteri inaweza bado kuwaka, inakohoa, inapiga moto kwenye egzosi. Likiruka la pili au la tatu, kwenye moteri nyingi supapu inakutana na pistoni, na hapo hatuzungumzi tena habari ya tanderi.

Dada_Piesi

Mimi nauza piesi (vipuri) upande wa soko la Virunga, naongeza la kwangu. Wateja wanakuja wanaomba tanderi peke yake, wanarudi baadaye wanasema niliwauzia feki. Feki ziko, sikatai. Lakini mara nyingi shene ndiyo iliyorefuka na tanderi imefika mwisho wa meno. Ukiweka mpya, nayo inakimbilia mwisho siku ileile.

Ukija kununua, leta ya zamani. Ile yenye meno, ibane pini kwa kidole gumba kuelekea ndani: lazima ikatae. Inua kile kikucha kidogo kinachoishika, pini iingie laini bila kukwaruza, uachie kikucha, uivute, isikike tik-tik-tik jino kwa jino. Ile ya kuzungusha kwa turnevisi, izungushe mpaka pini iingie, achia, itoke yenyewe haraka mpaka mwisho. Ikisimama katikati, rudishia mwenye duka, hata kama mwenye duka ni mimi.

Na shene, hesabu pingili zake na za ile ya zamani. Moto zinazofanana kwa macho zinatofautiana pingili mbili.

Kadutu_Kwetu

Niko Bukavu, nimeingia uzi kwa nyuma. Moto yangu ni ya Kichina, moteri ya CG. Iko na kelele ya namna hiyohiyo juu. Tanderi iko wapi? Nimetafuta nyuma ya silinda sioni kitu.

Fundi_Katindo

Usitafute, haipo. Moteri ya CG, kuanzia ile Honda CG125 yenyewe, haina shene ya ndani. Kamu yake iko chini, inaendeshwa na gia, na fimbo mbili ndefu zinapanda kusukuma roka (vipande vinavyobonyeza supapu). Kelele ya juu kwenye CG, anza na nafasi za supapu. Wachina wametengeneza pia moteri zenye shene na mwili unaofanana na wa CG kwa nje, kwa hiyo usiangalie plastiki, angalia moteri.

Mekanika_Himbi

Turudi kwa ndugu wa Ndosho. Tuseme amepata tanderi ya mkono ya kweli, ya kiwandani, inayoingia kwenye moto yake. Namna ya kukaza ni rahisi: moteri baridi, unaingiza bulo kwa vidole mpaka iguse patini, unarudisha robo mzunguko, unafunga ekru. Hakuna haja ya kuwasha wala kusikiliza.

Fundi_Katindo

Hapo ndipo tunapoachana, Himbi. Ile ya baridi ni ya kuanzia tu, ili moteri iweze kuwaka bila hatari. Kipimo cha kweli kinachukuliwa moteri ikiwa na joto lake la kazi.

Silinda na kulasi ni aluminiamu, shene ni chuma. Aluminiamu ikipata joto inarefuka karibu mara mbili ya chuma. Chukua umbali wa milimita 200 kati ya gia ya chini na gia ya juu, joto liongezeke digrii 80. Aluminiamu inarefuka kama milimita 0.37, chuma 0.19. Tofauti ni karibu milimita 0.18, na inaenda yote upande mmoja: kamu inaondoka mbali na vilbrekeni, shene inazidi kukaza. Bulo ya M8 (kipenyo milimita 8) ya kawaida inasogea milimita 1.25 kwa mzunguko mzima, kwa hiyo robo yako ni milimita 0.3. Unaona namna hesabu ilivyo ya karibu? Mwenye vidole vizito akikaza kidogo zaidi kwenye baridi, ukifika Sake shene imekuwa kamba ya gitaa. Ile ya otomatiki yenye meno inatengenezwa ikijua hayo, ndiyo maana resori yake haisukumi kwa nguvu nyingi.

Kwa hiyo tanderi ya mkono iliyokazwa sawasawa inaweza kusikika kidogo asubuhi kwenye baridi, kisha inanyamaza moteri ikipata joto. Mutu akitaka isisikike hata asubuhi, anaomba shene iliyokaza mno mchana kutwa.

Mekanika_Himbi

Hesabu nimeikubali, lakini kukaza moteri ikiwa inawaka kunatisha watu. Vidole karibu na silinda yenye joto kali, na ukirudisha bulo kupita kiasi shene inaruka.

Fundi_Katindo

Inaruka kwa mutu anayerudisha mizunguko mitatu. Kwa anayerudisha kidogo kidogo, hapana. Nieleze yote tangu kufungua, maana wengi wanaharibu pale mwanzo kuliko kwenye kukaza.

Moteri ilale mpaka ipoe. Toa buji (plagi) ili izunguke laini. Fungua vifuniko viwili vidogo vya manyeto (kifaa cha kutengeneza umeme) upande wa kushoto, weka kle (spana) kwenye ekru ya volani (gurudumu zito lililo kwenye vilbrekeni), zungusha kwa upande ule ambao moteri inazunguka ikitembea. Ukisimama kushoto kwa moto, kwa nyingi za aina hii ni kinyume cha saa. Usiirudishe nyuma hata kidogo kwa kutafuta alama. Ukiipita, zunguka tena mpaka uifikie. Kuirudisha nyuma kunahamisha ulegevu wa shene kwenda upande ambao hauna tanderi.

Alama ya T (pistoni iko juu kabisa) ikikutana na alama ya karteri, hakikisha ni T ya kompresyo (supapu zote zimefunga): roka zote mbili zichezecheze kwa vidole. Ikiwa zimebana, zungusha mara moja nzima tena. Watu wanaruka hatua hii kwa haraka. Roka zikiwa huru, resori za supapu haziisukumi kamu, shene imetulia. Ukitoa tanderi huku supapu iko wazi, resori inaweza kuizungusha kamu ghafla na shene legevu ikahama jino mbele ya macho yako.

Sasa tanderi. Ina bulo ndogo katikati kwa nyuma, na mbili za kuishikilia kwenye silinda. Anza na ya katikati. Kwenye ile ya meno, nyuma yake kuna resori iliyobanwa. Itoe taratibu, ukiwa umeweka kidole gumba isirukie lava ikapotea. Ndipo ulegeze zile mbili kwa zamu, kidogo huku kidogo kule. Anayeanza na zile mbili, resori inasukuma tanderi ikae upande, na bulo ya mwisho inatoka na nyuzi za silinda.

Kuanzia tanderi inatoka mpaka inarudi: hakuna kugusa kiki, hakuna kuzungusha volani, hakuna kusogeza moto ikiwa kwenye vitesi (gia). Watoto wa garaji waambiwe, kwa sababu kuna mmoja siku zote anayependa kujaribu kiki.

Kama unarudisha ya otomatiki yenye meno, ingiza pini mpaka ndani kabisa kwanza, funga mwili na gasketi mpya, bulo mbili za M6 kwa Nm 10 hivi, ndipo uweke resori na bulo ya katikati. Utaisikia ikitoka tik, tik. Kuifunga huku pini iko nje ni kuvunja patini: zile bulo mbili zina nguvu ya kuibana shene mpaka kitu kipasuke.

Kama ni ya mkono, irudishe bulo yake nyuma kabisa kabla ya kufunga mwili. Halafu ingiza bulo kwa vidole tu. Kle inahusu ekru, bulo haiguswi na kle. Ikigusa patini utasikia vidole vinakataa. Zungusha volani kwa mkono mizunguko miwili mizima, taratibu. Ikigonga kitu kigumu, simama, usilazimishe, rudi kuangalia alama. Shene ya zamani huwa na sehemu ngumu na sehemu legevu, kwa hiyo pima kwenye ile ngumu zaidi. Rudisha robo, funga ekru, washa.

Tembea mpaka moteri ipate joto la kazi, tuseme dakika kumi na tano za mjini. Iache ralanti. Legeza ekru huku umeshika bulo isifuate. Rudisha bulo kidogo sana mpaka usikie kelele inaanza. Sasa ingiza polepole mpaka kelele iishe. Palipoishia ndipo pake. Kama unataka usalama ongeza sehemu ya nane ya mzunguko, si zaidi. Wakati wote huo mkono usiguse gazi. Funga ekru ukiwa umeshika bulo, kwa sababu ekru ikikaza inaivuta bulo pamoja nayo na kazi yote inapotea. Kisha vuta gazi kidogo, sikiliza. Mlio mwembamba wa kuvuma, wiiii, unaopanda na mzunguko, ni shene iliyokaza. Rudisha.

Piga alama ya rangi kwenye ekru na bulo, mstari mmoja unaopita vyote viwili. Ukipita asubuhi unaona kama imehama.

Mekanika_Himbi

Ile ya kushika bulo wakati wa kufunga ekru, wengi wanaiharibu hapo. Nimeona.

Kazi_ni_Kazi

Mimi nilikaza kwa kle, moteri baridi, mpaka ikakataa. Wiiii nilisikia lakini nilifikiri ni bomba la hewa. Nirudishe leo au ningoje vidanji (kubadilisha mafuta)?

Fundi_Katindo

Leo kaka. Na wakati wa vidanji toa chujio la mafuta chini ya karteri, uangalie. Ukikuta vipande vyeusi vya mpira au plastiki, patini imeanza kuliwa, na vile vipande ndivyo vinavyoziba njia ya mafuta. Mafuta ya moteri ya kumwaga kopo moja kila wiki bila kutoa ya zamani nayo hayasaidii, shene inasaga ndani ya tope lake.

Motari_Ndosho

Bandugu nimerudi. Nimemuomba mwenye moto siku moja, akakubali kwa shida. Tumefungua kwa fundi mwingine, kwa kufuata yale ya papa fundi, alama ya T na yote. Tanderi ni ya meno. Pini ilikuwa nje karibu yote, limebaki jino moja tu, labda mawili. Resori iko nzuri. Tulipofungua kifuniko cha supapu, nikivuta shene juu ya gia ya kamu inanyanyuka, naona mwanga kati ya shene na meno. Patini ya nyuma iko na mifereji miwili, mirefu. Fundi anasema naweza kuweka kipande cha chuma kati ya pini na patini ili inisukumie zaidi.

Fundi_Katindo

Mwambie asiweke. Kipande kilicholegea ndani ya njia ya shene kikianguka kinaenda moja kwa moja kwenye gia ya vilbrekeni.

Ulichokiona kinajibu swali lako la kwanza. Tanderi yako ni nzima, imefanya kazi mpaka ilipoishiwa na urefu. Shene imerefuka. Ile visi ya Birere ingeisukuma patini mbali zaidi, kelele ingeisha, ungefurahi, na ungekuwa unatembea na shene iliyochakaa juu ya patini iliyokwisha kuliwa mifereji. Hakuna tanderi, ya resori, ya mafuta au ya mkono, inayofupisha shene.

Nunua shene, patini mbili, gasketi ya tanderi. Angalia gia mbili: meno yakiwa yameinama kama ndoana, au yana ncha kali, badilisha nazo. Gia ya chini ndiyo inayosahauliwa kwa sababu inadai kufungua upande wa manyeto. Ukiweka shene mpya juu ya gia iliyoliwa, mpya inajifunza ubaya wa ile ya zamani.

Tanderi ileile inaweza kurudi kama meno yake na kikucha havijaliwa. Dada Piesi ameeleza namna ya kuijaribu.

Dada_Piesi

Na usinunue shene bila patini kwa kusema patini utanunua mwezi ujao. Mwezi ujao utalipa mkono wa fundi mara ya pili, na huo ni ghali kuliko patini.

Mutoto_wa_Majengo

Swali nje kidogo. Papa yangu ana Honda ya zamani sana, silinda mbili. Ina bulo na ekru nyuma ya silinda. Hiyo ni ya mkono? Naweza kukaza kwa vidole vilevile?

Fundi_Katindo

Angalia vizuri. Honda nyingi za miaka ya 1970 zina bulo ya kufungia tu. Ndani mna resori inayosukuma yenyewe, na ile bulo kazi yake ni kuishika mahali ilipo. Unalegeza ekru na bulo, resori inachukua ulegevu, unafunga. Ukiikaza kwa nguvu ukidhani unasukuma shene, unaivunja au unaikwangua ile fimbo ya ndani, halafu haisogei tena. Mkao wa vilbrekeni wakati wa kulegeza unatofautiana kwa kila moto, kitabu chake kinasema.

Mekanika_Himbi

Niulize basi, papa fundi, kwa heshima. Kama ndugu wa Ndosho angekuwa na shene mpya na pesa ya kununua tanderi ya mkono ya kiwandani, ungemkataza?

Fundi_Katindo

Kwa moto ile, ndiyo. Kifaa si kibaya, mimi mwenyewe nakifunga kwa watu. Lakini tanderi ya mkono inataka mutu mmoja anayeijua sauti ya moto yake. Wewe moto yako unaipanda peke yako, ikibadilika mlio unasikia kabla ya jirani. Moto ya taxi asubuhi iko na huyu, usiku iko na mdogo wake, Jumapili mwenyewe anaenda nayo Kibumba. Kila mmoja atafikiri mwingine amekaza. Au mbaya zaidi, wote watatu watakaza, kila mmoja kidogo. Otomatiki nzima, shene nzima, mafuta yanayobadilishwa, kwa kazi ya taxi sioni sababu ya kwenda mbali na hapo.

Ukiniambia tanderi ya otomatiki ya moto fulani haipatikani tena sokoni, tunazungumza lingine. Hapo ya mkono ni dawa, ila itengenezwe na mutu wa mashine ya kuchonga, ndani ya chuma kinene, bulo M8, ncha ya bulo iwe duara laini isitoboe mgongo wa patini, oringi au washa (pete bapa) ya shaba chini ya ekru. Mafuta yanapanda kwenye zile nyuzi, usishangae.

Kadutu_Kwetu

Nimefungua CG yangu. Kweli fimbo mbili. Nafasi ya supapu ya kutoa moshi ilikuwa inaingiza karatasi ya daftari iliyokunjwa mara mbili. Nimerekebisha, imetulia. Asante Goma.

Motari_Ndosho

Imefungwa jana jioni: shene, patini mbili, gia ya juu na ya chini, tanderi ileile. Asubuhi imewaka bila cha-cha. Ralanti ilikuwa imepanda kidogo, tukaishusha, kumbe zamani tuliiongeza ili kufunika kelele. Mwenye moto amelalamika bei mpaka nimechoka, lakini ameona mwenyewe patini za zamani, nilimwekea ndani ya mfuko.

Swali la mwisho. Fundi alitaka kupaka silikoni nyekundu juu ya gasketi ya tanderi, nikamwambia angoje niulize. Amefunga kavu. Mafuta hayatoki mpaka sasa. Nirudi apake?

Fundi_Katindo

Iache kavu. Silikoni inayofinyangwa kuelekea ndani inakatika vipande, na chujio la mafuta ni hilohilo moja. Mafuta yakianza kutoa jasho pale, nunua gasketi nyingine, futa pande mbili ziwe safi, funga bulo kwa zamu. Na hizo bulo za M6 zisikazwe na mutu aliyetoka kukaza ekru ya gurudumu.